Kando ya Mto Makindu: Uwanja wa Watu au Viwanja vya Kuuza?

Basi linalotoka Mombasa kwenda Nairobi, likishapita Mtito Andei na Kibwezi, huingia Makindu. Wengi wetu wa Pwani tunaujua mji huo kwa hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chai na chakula bila ya kuulizwa senti. Wachache hutambua kwamba mji huo una mto wake, na kwamba maji ya mto huo huteremka hadi kwetu.

Makala haya yanaeleza ardhi iliyoko kando ya mto, ile ambayo maji huifunika mvua zikizidi: ni nini hasa, ni ya nani kisheria, na yaweza kutumiwaje. Jibu linalopendekezwa hapa ni moja. Ardhi hiyo iachwe wazi, iwe mahali pa watoto kucheza, vijana kupiga mpira na wazee kubarizi, wala isikatwe viwanja vya nyumba. Mji kama Makindu bado una nafasi ya kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Miji mikubwa iliyochelewa imelipia kwa roho za watu.

Makindu na maji yake

Makindu iko kaunti ya Makueni, kiasi cha kilomita 170 kutoka Nairobi. Ni nchi kavu. Mvua yake ni kama milimita 600 kwa mwaka, nayo hugawanyika mara mbili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Disemba. Tofauti na sisi tunaotegemea zaidi masika, mkulima wa Ukambani huitazamia vuli, kwani ndiyo humpa chakula.

Mto unapitaje penye ukame namna hiyo? Siri iko kwenye vilima vya Chyulu, upande wa kusini-magharibi. Vilima hivyo ni vya volkano, na mwamba wake una matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha huko juu haitiririki sana, huzama. Kisha maji hayo husafiri chini ya ardhi na kuibuka kwenye chemchemi mbalimbali: Mzima iliyoko Tsavo, Umani iliyoko Kibwezi, na zile zinazolisha mito ya Kiboko na Makindu. Watu wa Mombasa tunakunywa maji ya Chyulu tangu miaka ya 1950, lilipolazwa bomba la Mzima.

Jina Makindu nalo litamkumbusha Mswahili mti anaoujua. Mkindu ndio mti wa ukindu, ule unaosukwa mikeka na misala. Mkindu hauoti popote tu, hupenda penye unyevu, ukingoni mwa mto au penye chemchemi. Palipo na mikindu pana maji karibu, na penye maji karibu ndipo maji hupanda mvua zikija.

Kutoka Makindu, mto huo huelekea kwenye Athi, ambao ndio mpaka wa Makueni na Kitui. Athi unateremka, unakutana na mto Tsavo, unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Unaingia baharini kaskazini ya Malindi, njia ya kwenda Mambrui. Visima vya Baricho, vinavyolisha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa, viko kwenye mchanga wa kando ya Sabaki. Kwa hivyo mtu wa Makindu na mtu wa Malindi wanakunywa kwenye mkondo mmoja, huyu juu na huyu chini.

Uwanda wa mafuriko ni nini

Mto una vitanda viwili. Kimoja ni kile tunachokiona kila siku, ambamo maji hupita wakati wa kiangazi na mvua za kawaida. Cha pili ni kipana zaidi, ni ile ardhi tambarare iliyoko pande zote mbili, ambayo maji huifikia katika mvua kubwa. Huenda ikapita miaka mitano, kumi au ishirini bila ya maji kupanda hapo. Watu husahau. Lakini mto hausahau, maana maji hufuata mkondo.

Ardhi hiyo ndiyo uwanda wa mafuriko, nayo ina kazi zake. Kwanza, hupunguza kasi. Maji yakitawanyika kwenye uwanda mpana hutulia, na hayafiki kwa wa chini yakiwa na nguvu ile ile. Pili, huchuja. Maji yakitulia, tope na mchanga hutuama na kubaki juu ya uwanda, na ndiyo sababu udongo wa kando ya mto huwa na rutuba. Tatu, huhifadhi. Sehemu ya maji hayo huzama na kujaza visima ambavyo watu watachota miezi ya kiangazi.

Ukijaza kifusi ukajenga nyumba juu yake, kazi zote tatu zinakufa. Maji ambayo yangetawanyika hubanwa, hupanda juu zaidi, na hukimbia kwa kasi. Aliyeinua kiwanja chake kwa lori kumi za udongo huenda akasalimika yeye, lakini jirani yake wa ng'ambo ndiye atakayeamka usiku maji yako magotini.

Sheria inasemaje

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inaihesabu mito yote kuwa ardhi ya umma. Hakuna awezaye kuwa na hati ya mto. Ugumu huanza ukingoni.

Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka kipimo ambacho ndicho hutajwa sana: ukanda wa ukingo uwe sawa na upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala usizidi mita 30 kila upande. Ndani ya ukanda huo haifai kujenga jengo la kudumu, kulima, kukata miti ya asili, kuchimba udongo wala kutupa taka. Mwenye kusimamia ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, pamoja na NEMA kwa upande wa mazingira.

Wengi hawatofautishi mambo mawili hapa. Ukanda wa kisheria na uwanda wa mafuriko si kitu kimoja. Mto mwembamba wenye upana wa mita 8 unapata ukanda wa mita 8 tu kila upande, ilhali maji yake yanaweza kusambaa mbali zaidi ya hapo yakikuta tambarare. Mtu anaweza kujenga nje kabisa ya ukanda, akawa hakuvunja kanuni, na bado nyumba yake ikaingia maji. Sheria ni kiwango cha chini. Ramani ya mji ndiyo inayopaswa kukamilisha yaliyobaki.

Ramani hiyo ni kazi ya kaunti. Jedwali la nne la Katiba linazipa kaunti mamlaka juu ya mipango ya ardhi, na katika jedwali hilo hilo zimekabidhiwa bustani, fuo na mahali pa burudani pa umma. Kwa maneno mengine, ofisi inayoidhinisha viwanja ndiyo pia iliyopewa jukumu la kutafutia watu mahali pa kupumzika. Uwanda wa mto unaweza kutimiza majukumu yote mawili kwa mpigo.

Gharama ya kuchelewa

Nairobi ni mfano ulio karibu, na maji yake nayo huishia Athi. Katika mvua za masika za mwaka 2024, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchi nzima. Mtaani Mathare na Mukuru nyumba nyingi zilikuwa zimesimama ukingoni kabisa. Serikali iliamuru watu wahame, matingatinga yakaja, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja za kutafutia makazi mengine. Waliopoteza ni wale ambao hawakuwa na pa kwenda tangu mwanzo. Baada ya hapo ndipo mipango ya kuufufua mto Nairobi na kuipamba kingo zake ilipotangazwa upya, wakati ardhi imeshajaa watu.

Dar es Salaam nayo ina bonde la Msimbazi. Jangwani palikuwa uwanja wa mpira na mikutano kwa vizazi. Ndiko Yanga ilikopata jina la watoto wa Jangwani. Lakini bonde lenyewe lilijaa nyumba. Disemba 2011 mvua kubwa iliua takribani watu 40 jijini, na waathirika wengi wakapelekwa Mabwepande, mbali na mji. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani nayo imefurika mara kwa mara. Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde hilo, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 kwa mkopo wa dola milioni 200, wenye daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa ya jiji pale ambapo maji hupita. Wakazi walianza kulipwa fidia na nyumba kubomolewa.

Hesabu hiyo itazamwe vizuri. Dar imelazimika kukopa mamilioni ya dola ili irudi ilikoanza, yaani bonde lililo wazi ambapo watoto wanacheza mpira. Makindu haijafika huko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii ni wa madola.

Walipofaulu, na walipojikwaa

Nairobi penyewe kuna Bustani ya Michuki, kando ya mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe. Marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira mwishoni mwa miaka ya 2000, aliusafisha ukingo huo, akapanda miti na kuwarudishia watu. Alifariki mwaka 2012. Bustani ikakosa wa kuitunza, ikavamiwa na taka zikarudi, hadi ilipokarabatiwa tena mwaka 2020. Funzo lake ni wazi: kuanzisha si kazi, kazi ni kutunza. Bustani isiyo na mfagizi wala mlinzi hugeuka jaa.

Nchini Singapore, mto Kallang ulikuwa umefungwa ndani ya mfereji wa zege wenye urefu wa kilomita 2.7 uliokuwa ukipita pembeni mwa bustani ya Bishan. Zege lile lilivunjwa, mto ukaachwa upinde na kutanuka ndani ya bustani yenyewe, na kazi ikakamilika mwaka 2012. Siku za kawaida watu hukaa kwenye nyasi mpaka ukingoni. Mvua ikija, ving'ora na taa huwaonya, watu hupanda juu, na nyasi zile zinageuka kuwa njia ya maji. Mvua ikiisha, wanarudi.

Valencia, Uhispania, ina kisa chenye pande mbili. Mwaka 1957 mto Turia ulifurika na kuua watu zaidi ya 80. Mji ukauhamisha mto, ukauchimbia njia mpya kusini, na kitanda cha zamani kikafanywa bustani ndefu inayopita katikati ya mji. Leo ni miongoni mwa bustani zinazopendwa sana nchini humo. Lakini Oktoba 2024 mvua ya ajabu ilinyesha, na vitongoji vya kusini, ng'ambo ya ile njia mpya, vikagharikishwa na mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 katika jimbo. Katikati ya mji palisalimika. Mji ulikuwa umejikinga, lakini vitongoji vilijengwa kwenye tambarare ambazo maji yalizijua tangu zamani.

Hata Makueni yenyewe si ngeni wa jambo hili. Wakati wa gavana wa kwanza, Kivutha Kibwana, mji wa Wote ulipata bustani ya umma ya kijani, na watu huenda kupumzika humo. Kaunti hiyo ilipitisha pia sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, kwa kutambua kwamba mchanga wa mtoni ndio tangi la maji la Mkamba. Kaunti yenye ufahamu huo haihitaji kuanza kufundishwa alifu.

Nini kiwekwe, nini kisiwekwe

Kanuni kuu ni nyepesi: weka karibu na mto kile ambacho kikilowa hakiharibiki, na kile ambacho kikilowa kitaleta hasara au maradhi kipandishe juu. Tugawe ardhi mafungu matatu.

*Ukingoni kabisa.* Hapa ni miti na nyasi tu. Mikuyu, migunga na mikindu yenyewe hushika udongo kwa mizizi usimegwe na maji. Mikaratusi haifai, hunywa maji mengi na si mti wa ukingo. Njia ya kutembea iwe ya changarawe, isiwe ya lami wala zege, ili maji yazame. Mkindu una faida ya ziada kwa akina mama wanaosuka: ukivunwa kwa mpango, makuti yake ni kipato.

*Katikati, ambapo maji hufika mara moja moja.* Hapa ndipo pa uwanja wa mpira. Milingoti ya goli ya chuma ikichimbiwa vizuri haihofii maji. Vibao vya kukalia viwe vya zege au mawe, vizito, vilivyoshikwa ardhini. Mnada au soko la wiki laweza kukaa hapa, mradi kila mfanyabiashara anaondoka na meza yake jioni. Usiweke ua wa seng'enge wala ukuta. Maji yakija na matawi, ua hunasa takataka, hugeuka bwawa, kisha hupasuka ghafla na kumwaga yote kwa wa chini.

*Juu, nje ya uwanda.* Vyoo, maduka, nyaya za umeme, maegesho na ofisi ya mlinzi vyote viwe huku. Choo cha shimo kilichochimbwa kwenye uwanda wa mafuriko ni hatari kubwa kuliko zote. Maji yakipanda hukizoa kilichomo na kukiingiza visimani, na kipindupindu hakiulizi nani alijenga. Kama fedha ni chache, bora kuchelewesha maduka kuliko kukosea pa kuweka choo.

Kuna mambo ya usalama ambayo hayana mjadala. Kila sehemu ya uwanja iwe na njia fupi na pana ya kupandia juu. Nguzo zichorwe alama ya kimo ambacho maji yalifika katika mafuriko yaliyopita, ili kijana wa leo aone kwa macho kile ambacho babu yake anasimulia. Mvua kubwa ikitabiriwa, uwanja ufungwe, hata kama mechi ni ya fainali. Makindu ina bahati ya kuwa na kituo chake cha hali ya hewa, kwa hivyo taarifa haziko mbali. Zaidi ya hayo, izingatiwe kwamba mto hupanda kwa mvua ya mbali. Mtu anaweza kuwa amesimama juani, na maji yakaja kutoka milimani.

Na mtu asivuke kwa miguu wala kwa gari mto uliojaa. Tarehe 4 Disemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa. Bustani nzuri kando ya mto ifundishe watoto jambo hilo moja kabla ya mengine yote.

Wakulima na wenye hati

Pendekezo hili lina wenye kuliogopa, na hofu yao ni ya haki.

Wa kwanza ni wakulima. Bonde la Makindu na majirani zake Kiboko na Kibwezi hulimwa mboga, nyanya, bamia na matunda kwa maji ya mto. Mtu anayesomesha watoto kwa robo ekari ya nyanya hawezi kuambiwa ahame ili watu wa mjini wapate pa kutembea jioni. Lakini haihitajiki ahame. Kilimo cha msimu nje ya ukanda wa kisheria ni miongoni mwa matumizi yanayokubaliana na mafuriko, kwani maji yakija hupotea zao la msimu mmoja, halipotei paa la nyumba. Bustani ya umma haihitaji bonde zima. Yatosha kipande kilicho karibu na mji, pale ambapo shinikizo la kujenga ni kubwa, na kilimo kiendelee juu na chini yake.

Wa pili ni wenye hati. Ibara ya 40 ya Katiba inalinda mali ya mtu, na serikali ikiitaka ardhi yake kwa manufaa ya umma sharti ilipe. Hapa ndipo wakati unapogeuka pesa. Ardhi isiyo na jengo, ya kando ya mto, ina bei moja leo. Ikishapimwa, ikagawanywa viwanja vya futi 50 kwa 100 na kutiwa barabara, bei ni nyingine. Ikishajengwa ghorofa, ndipo tunafika kwenye hesabu ya Msimbazi. Kaunti inaweza pia kubadilishana: kumpa mwenye ardhi kiwanja palipoinuka, naye akaiachia ile ya chini. Njia hiyo huchosha kwa makaratasi, lakini haiachi familia njiani.

Wa tatu ni wachotaji maji, wanaonywesha mifugo na wanaofua. Mto ulikuwa wao kabla haujawa wa wapiga picha. Bustani itakayowekewa lango na kiingilio, ikamzuia mama mwenye mtungi, itakuwa imekosea tangu siku ya kwanza. Wawekewe njia yao na mahali pa kunyweshea, mbali kidogo na wanapocheza watoto.

Kuna pia wanaosema kwamba uwanja wazi huvuta wahuni. Ni kweli panapokuwa na giza na hapana mwenyewe. Dawa yake ni taa za juu, wafagizi wanaolipwa, na shughuli za kila siku. Mahali penye mechi jioni na wauza chai pembeni, mhuni hupaona penye macho mengi.

Kwa nini jambo hili ni letu pia

Msomaji wa Kisauni au Malindi aweza kuuliza: Makindu inanihusu nini? Atazame bahari ya Malindi mvua zikinyesha bara. Maji yale ya samawati hugeuka kahawia, na tope la Sabaki huenea hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Tope hilo ni udongo wa watu wa juu. Kila uwanda ulioachwa wazi huko juu ni kichujio kimoja zaidi kabla maji hayajafika kwetu. Kila uwanda uliojengwa ni bomba linaloyasukuma. Na wanaoishi karibu na Sabaki, huko Magarini, wanajua ni nani hupokea mto ukiwa umekasirika.

Tena sisi wenyewe hatuko mbali na maradhi hayo. Pwani nayo ina mabonde yanayojengwa, na fuo za umma zinazozibwa kwa kuta. Tulipokarabatiwa Mama Ngina mwaka 2019, tuliona jinsi mji mzima unavyopumua ukipata mahali pa kukaa bila ya kununua chochote. Wazanzibari wana Forodhani yao, iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2009, na kila magharibi mwenyeji na mgeni hukutana hapo. Mtu wa bara naye anastahili forodhani yake, hata kama ni ya maji matamu.

Hatua si nyingi. Kwanza, kaunti ya Makueni na Mamlaka ya Rasilimali za Maji wapime na kuweka mawe ya mpaka kando ya mto Makindu ndani ya mji, wakiwauliza wazee maji yalifika wapi katika mafuriko wanayoyakumbuka. Pili, ramani ya mji ionyeshe uwanda huo kuwa ardhi ya burudani na hifadhi, ili anayekuja kutaka kibali cha kujenga aoneshwe mstari. Tatu, bajeti ya wafagizi na walinzi iwe ya kila mwaka, isiwe ya siku ya uzinduzi. Makueni inasifika nchini kwa kuwashirikisha wananchi katika bajeti, na vikao hivyo ndipo mahali pa kulitaja jambo hili, kata kwa kata. Mwananchi anayeona vigingi vipya vikipigwa ukingoni ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi, na malalamiko hayo hupelekwa NEMA au kwa Mamlaka ya Maji.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji uliolisha wasafiri wa njia hii kwa karibu miaka mia moja unaweza kuwapa pia kivuli cha mkuyu, uwanja wa nyasi na mto safi wa kutazama wakinyoosha miguu, na ukawa umejiokoa wenyewe kwa kufanya hivyo. Vuli haisubiri mpango wa kaunti. Mawe ya mpaka yapigwe sasa, maji yakiwa bado yako kwenye kitanda chake chembamba.